Kuhamisha kiini cha yai: dada unayeambiwa mayai yako "yataboreshwa", pitia uzi huu kabla hujalipa

Darubini_ya_Uzazi (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Nafanya kazi maabara ya upandikizaji mimba, upande wa mayai na viinitete (mayai yaliyorutubishwa na kuanza kukua). Tangu Julai 2025, madaktari wa Newcastle kule Uingereza walipotangaza watoto 8 waliozaliwa kwa njia ya kuhamisha kiini, swali ni lile lile kila wiki: "Nasikia siku hizi wanachukua kiini cha yai langu wanakiweka kwenye yai la msichana, linakuwa jipya. Nina miaka 43, si itanifaa?" Wengine wameshapewa bei na mawakala wa kuwapeleka nje. Kuna mtu anataka kuuza kiwanja. Ndiyo maana nimeamua kushusha uzi.

Jibu langu mapema kabisa: mbinu hii ni ya kweli na ina watoto hai. Lakini inabadilisha ute wa yai, haigusi kilichoharibika ndani ya kiini. Na kwa mwanamke aliyevuka 40, mara nyingi tatizo liko ndani ya kiini.

Twende taratibu.

Yai la mwanamke lina sehemu mbili tunazohitaji kuzitofautisha. Kuna kiini, chenye kromosomu, na humo ndimo zimo jeni kama 20,000 zinazoamua sura, kimo, rangi na mengine yote unayoyajua. Halafu kuna ute unaokizunguka. Ndani ya ute kuna mitokondria, maelfu kwa maelfu, ambazo kazi yake ni kugeuza chakula kuwa nguvu ya seli. Mitokondria zina DNA yao ndogo, pembeni kabisa na ile ya kiini, yenye jeni 37 tu. Hizi mtoto anazipata kwa mama. Za baba hufa mwanzoni kabisa.

Sasa kuna kina mama ambao kiini chao hakina shida yoyote, ila mitokondria zao zina hitilafu. Wenyewe wanaweza wasiugue sana. Mtoto akizaliwa na hitilafu nyingi, anaanza vizuri, ananyonya, anakaa, halafu ghafla anarudi nyuma: shingo inalegea, degedege linakuja, moyo au ubongo unakosa nguvu. Wengi hufa wakiwa wadogo. Hao ndio waliofanya wanasayansi wasilale.

Kuna njia mbili zinazotumika zaidi.

Ya kwanza ni kuhamisha kabla ya kurutubisha. Yai lililokomaa halina kiini cha duara unachoweza kukiona. Kromosomu zimejipanga katikati ya nyuzi nyembamba sana, na kwa mwanga wa kawaida huoni kitu. Lazima darubini iwe na mwanga maalum uliochujwa, hapo zile nyuzi zinang'aa kidogo upande mmoja wa yai. Yai lenyewe lina upana wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Unalishika kwa bomba la kioo linalonyonya taratibu, unatoboa ganda lake kwa leza, unaingiza bomba jingine jembamba na kuvuta kile kifurushi cha kromosomu kikiwa kimefungwa na utando na ute kiduchu. Lile yai la mchangiaji limeshatolewa cha kwake. Unakiweka pale, unakiunganisha, kisha ndipo mbegu ya mume inaingizwa. Ukichelewa au joto likishuka, zile nyuzi zinavunjika na kromosomu zinatawanyika.

Ya pili ni kuhamisha baada ya kurutubisha. Mayai yote mawili, la mama na la mchangiaji, yanarutubishwa kwa mbegu za mume. Baada ya masaa machache ndani ya kila yai huonekana viini viwili vidogo, cha baba na cha mama, vikiwa bado havijaungana. Vya mama na mumewe vinahamishiwa kwenye yai la mchangiaji ambalo vyake vimeondolewa. Newcastle wanatumia hii. Mwanzoni walisubiri sana, baadaye wakagundua kwamba wakihamisha mapema, mara tu viini vinapojitokeza, viinitete vinakua vizuri zaidi.

Hakuna anayeweza kuhamisha kiini peke yake. Ukihama nyumba, hata ukifagia vipi, vumbi la kule linakufuata kwenye maboksi. Ndivyo ilivyo hapa: mitokondria chache za mama zinasafiri na kiini, na hizo chache ndizo zinazotupa wasiwasi. Nitarudi kwenye hilo.

Historia yake ni ndefu kuliko watu wanavyodhani. Wanasayansi McGrath na Solter walihamisha viini kwenye mayai ya panya yaliyorutubishwa mwaka 1983. Mwaka 2009 timu ya Shoukhrat Mitalipov, Oregon, ikapata nyani wazima kwa njia ya kwanza niliyoeleza. Kwa binadamu, mtoto wa kwanza wa njia hiyo alizaliwa Aprili 2016. Wazazi wake walikuwa wanatoka Jordan, na walikuwa wameshazika watoto 2 kwa ugonjwa wa Leigh (unaoharibu ubongo wa mtoto kwa kukosa nguvu ya seli), mbali na mimba 4 zilizotoka. Daktari John Zhang alifanya kazi ya maabara New York, na kiinitete kikapandikizwa Mexico, kwa sababu Marekani sheria ilikuwa imefunga mlango.

Uingereza hawakukimbilia. Bunge lilipiga kura Februari 2015, 382 dhidi ya 128, na kibali cha kwanza cha hospitali kikatoka 2017. Kila mama anajadiliwa peke yake na kamati ya mamlaka yao ya uzazi, na lazima awe na hatari ya kumrithisha mtoto ugonjwa mkali wa mitokondria. Ukienda pale na tatizo la umri tu, hupati.

Karibuni maswali. Nitajibu kadiri nitakavyoweza.

---

NeemaKgd

Asante sana kwa uzi. Mimi ni mmoja wa hao, sioni haya kusema. Nina miaka 42, nimepandikiza mara kadhaa imeshindikana. Wakala mmoja ameniambia Ugiriki na Ukraine wanafanya hii kwa watu wenye matatizo ya kushika mimba, siyo lazima uwe na ugonjwa wa mitokondria. Ni uongo?

Darubini_ya_Uzazi

Dada Neema, pole sana. Siyo uongo, ila amekupa nusu ya habari.

Kyiv kuna kliniki iliyozalisha mtoto wa kike Januari 2017 kwa njia ya pili, kwa mama aliyekuwa hashiki mimba. Athens mtoto wa kiume alizaliwa Aprili 2019, mama ana miaka 32 na alishashindwa IVF (kurutubisha mayai maabara) mara nyingi. Kisha kundi hilo la Athens na wenzao wa Barcelona wakatoa ripoti 2023: wanandoa 25, watoto 6.

Sasa angalia kwa makini. Ule ulikuwa utafiti wa majaribio, hakukuwa na wanawake wengine waliopangwa kwa bahati nasibu wapate IVF ya kawaida ili tulinganishe. Kwa hiyo ukiniuliza wale 6 wamezaliwa kwa sababu ya kuhamisha kiini, sina namna ya kukuthibitishia. Na waliotafutwa ni wale ambao mayai yao yalikuwa yanarutubishwa vibaya au viinitete vinasimama njiani, jambo ambalo kweli linaweza kutokana na ute.

Wewe una 42. Mayai yako yaliumbwa ukiwa tumboni mwa mama yako, na muda wote huo kromosomu zimeshikana zikisubiri. Zile gundi za protini zinazozishikanisha zinachakaa. Siku yai linapokomaa, kromosomu zinagawanyika vibaya, moja inabaki upande usio wake. Kwa umri wako zaidi ya nusu ya viinitete huwa na hitilafu ya namna hiyo. Na mgawanyiko huo mkubwa unatokea kabla yai halijavunwa. Mimi nikija na bomba langu kuhamisha, nakuta kosa limeshafanyika, nalihamisha lilivyo na kulipeleka kwenye ute mzuri wa msichana wa miaka 25.

Walishajaribu kuhamisha mapema zaidi, yai likiwa changa na kiini hakijavunjika, wakitumaini ute wa kijana utasaidia mgawanyiko uende sawa. Kina daktari Grifo na yule Zhang walilifanyia kazi New York miaka ya 1990. Halijawahi kufika kuwa tiba.

NeemaKgd

Nimekuelewa, ingawa inauma. Na wakala hakuniambia kwamba bado nitahitaji mayai ya mtu mwingine.

Darubini_ya_Uzazi

Hilo ndilo ningeomba kila mtu hapa alikumbuke. Kuhamisha kiini hakufanyiki bila mchangiaji wa mayai. Msichana atachomwa sindano za homoni, atavunwa mayai, halafu mayai hayo yatatolewa viini vyake. Unalipia uvunaji wa watu wawili. Kama tayari kuna mayai mazima ya kijana mezani, kuyatumia yalivyo, na mbegu za mumeo, kunakupa nafasi kubwa zaidi ya kushika mimba kuliko kuyaondolea kiini kizuri na kuweka kilichochoka. Najua si jambo jepesi. Wengi wanataka mtoto wa damu yao, na sina la kuwalaumu. Lakini mtu aamue akiwa anajua anachonunua.

---

Mwalimu_Said_Mvita

Assalaam alaykum. Ndugu mleta mada, Allah akulipe kheri. Sisi Waislamu tunauliza habari ya nasaba. Mtu wa tatu akiingia kati ya mume na mke, hukumu inakuwaje? Na vile viinitete vinavyotolewa viini, vinatupwa?

Darubini_ya_Uzazi

Wa alaykum salaam, mwalimu. Fatwa siyo kazi yangu, nitakueleza upande wa maabara.

Katika njia ya pili, ndiyo, yai la mchangiaji limeshakutana na mbegu ya mume, na viini vile vinaondolewa na kuachwa. Katika njia ya kwanza hakuna kilichorutubishwa kinachoharibiwa. Wale wazazi wa Jordan ni Waislamu, na walichagua njia ya kwanza kwa sababu hiyo hasa.

Kuhusu nasaba, Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilikaa Amman mwaka 1986, likaruhusu IVF kwa mbegu za mume na yai la mkewe ndani ya ndoa, na likakataza yai, mbegu au tumbo la mtu wa tatu. Wakati ule kuhamisha kiini kwa binadamu hakukuwapo, kwa hiyo azimio halikugusa suala la jeni 37 za mitokondria. Hilo naliacha kwenu wanazuoni.

Mwalimu_Said_Mvita

Shukran. Kwa ninavyoona, aliyezika watoto wawili na aliyechelewa kuolewa hawaji na swali moja, na mufti apelekewe kila kesi peke yake.

---

MtuWaUkweli

Mimi napinga. Mtoto wa wazazi watatu! Mnachezea uumbaji halafu mnaita tiba. Hao watoto wakikua na kuzaa itakuwaje?

Darubini_ya_Uzazi

Mkuu, swali lako la mwisho ni zito na nalichukua kwa uzito.

Hilo jina la "wazazi watatu" magazeti yamelipenda. Mchangiaji anatoa jeni 37 zinazohusu nguvu za seli. Sura na damu ya ukoo zinatoka kwa mama na baba. Kwa sheria ya Uingereza mchangiaji huyo si mzazi. Mtoto akifika 16 anaweza kupewa taarifa kumhusu, ila zisizomtambulisha.

Ila ni kweli kwamba mtoto wa kike atawapa watoto wake zile mitokondria za mchangiaji, na wao watawapa wao. Mabadiliko yanavuka kizazi. Ndiyo maana Marekani, tangu mwisho wa 2015, bunge linaizuia mamlaka ya dawa hata kupokea maombi ya aina hii, na mwaka 2017 mamlaka hiyo ikamwandikia John Zhang aache kuitangaza. Australia walipitisha sheria mwaka 2022 ya kuruhusu hatua kwa hatua, kuanzia kwenye utafiti.

Na hapa ndipo narudi kwenye lile vumbi. Katika watoto 8 wa Newcastle, mitokondria zenye hitilafu ya mama katika damu zilikuwa kati ya kutoonekana kabisa na 16%. Hiyo iko chini sana ya kiwango kinacholeta ugonjwa, lakini si sifuri. Kule Athens, mtoto 1 kati ya wale 6 alikutwa na mitokondria za mama kati ya 30% na 60%, wakati kiinitete chake kilikuwa nazo chini ya 1%. Yaani zile chache ziliongezeka mtoto akiwa anakua tumboni. Kwa bahati mama huyo hakuwa na ugonjwa, kwa hiyo mtoto hakudhurika. Angekuwa na ugonjwa wa Leigh tungekuwa tunazungumza mengine. Kwa hiyo watoto hawa wanafuatiliwa afya kwa miaka, na mzazi anaelezwa kuwa hatari inapunguzwa, hakuna anayemwahidi kwamba imefutwa.

---

Dr_Kwetu_Lamu

Niongezee kidogo kama daktari wa kina mama. Kabla ya kuhamisha kiini kulikuwa na kuongeza ute: Jacques Cohen na wenzake, New Jersey, mwaka 1997, walidunga ute wa yai la mchangiaji ndani ya yai la mama. Walizaliwa watoto 17, lakini zilitokea mimba 2 zilizokosa kromosomu X moja, na mwaka 2001 mamlaka ya Marekani ikaingilia. Baadaye kampuni ya OvaScience ikaja na wazo la kuchukua mitokondria za mama mwenyewe kutoka kwenye ovari zake na kuzidunga kwenye yai lake. Hiyo haikuhitaji mchangiaji, watu wakaipenda sana. Wahispania wakaifanyia utafiti wa kulinganisha, mayai ya mama mmoja yakigawanywa nusu kwa nusu, wakausimamisha njiani kwa sababu hakukuwa na faida yoyote.

Nasema haya kwa sababu huku kwetu neno "kuboresha mayai" linauzwa kwa namna nyingine: vidonge vya lishe, plazma ya damu yako inayodungwa kwenye ovari, mitishamba. Mgonjwa anakuja kwangu ameshamaliza akiba na hajawahi hata kupimwa mirija, na mume hajapima mbegu.

Darubini_ya_Uzazi

Asante sana Dokta. Hapo kwa mume umenigusa. Nimeona mafaili manene ya mke, la mume halipo.

WanjaNairobi

Huku Kenya watoto wa kwanza wa IVF walizaliwa 2006, na mswada wa teknolojia ya uzazi wa mheshimiwa Millie Odhiambo umezunguka bungeni miaka mingi. Swali langu: nilisoma kuna watu wametengeneza yai kutoka kwa ngozi. Hiyo ndiyo itatusaidia sisi wenye mayai yameisha?

Darubini_ya_Uzazi

Ni timu ile ile ya Mitalipov, Septemba 2025. Walichukua kiini cha seli ya ngozi, wakakiweka kwenye yai lililoondolewa kiini, kama alivyopatikana kondoo Dolly mwaka 1996. Tofauti ni kwamba seli ya ngozi ina kromosomu 46 na yai linatakiwa kubaki na 23, kwa hiyo wakalilazimisha yai litupe nusu. Walipata mayai 82, wakayarutubisha, kama 9% yakafika hatua ya siku ya 5 au 6. Na kromosomu za hayo yote hazikuwa sawa. Yai lilitupa nusu yoyote, bila kuchagua moja katika kila jozi. Wenyewe wanasema ni angalau miaka 10 kabla ya kufikiria wagonjwa. Atakayekuuzia leo, mkimbie.

---

Kaka_Msafiri

Mkuu, nimesoma mwanzo hadi hapa. Dada yangu amepoteza watoto wawili, wote kabla ya kutimiza miaka miwili, na dalili ni zile ulizoandika: shingo kulegea, degedege. Kijijini wameshaanza kumnyooshea kidole. Mume wake ni mtoto wa mjomba wetu. Huyu si ndiye anayefaa kuhamishiwa kiini?

Darubini_ya_Uzazi

Kaka, poleni sana nyinyi wote. Dada yako hajafanya lolote la kustahili kunyooshewa kidole, na hilo mtamke wazi mbele ya ndugu.

Kwanza ijulikane hitilafu iko wapi. Ugonjwa wa Leigh unaweza kutoka kwenye DNA ya mitokondria, lakini unaweza pia kutoka kwenye jeni za kiini, baba na mama kila mmoja akiwa amebeba nakala moja mbovu bila kujua. Kwa watu waliooana mtu na binamu yake, hii ya pili inapewa uzito mkubwa, kwa sababu wana babu na bibi mmoja. Kama ni ya kiini, kuhamisha hakumsaidii hata kidogo. Hitilafu itahama na kiini. Kitakachomsaidia ni IVF ya kawaida na kupima viinitete kabla ya kupandikiza, au kupima mimba mapema.

Kama ni ya mitokondria, bado kuna ngazi. Wenye mayai yenye hitilafu kwa viwango tofauti, Newcastle huwapimia viinitete na kuchagua chenye hitilafu ndogo. Kwa njia hiyo walipata mimba 16 kati ya wanawake 39 walioifuata, na kwa kuhamisha kiini 8 kati ya 22. Kuhamisha ni kwa wale ambao kila yai lina hitilafu nyingi. Na yai la kuchangiwa linaondoa hatari hiyo yote, kama wao na imani yao wanalikubali.

Mpeleke hospitali ya rufaa, aonane na daktari wa watoto wa mishipa ya fahamu hata kama watoto hawapo tena. Abebe kila karatasi: majibu ya damu, picha za kichwa, kadi za kliniki. Aulize kama kuna sampuli ya watoto iliyohifadhiwa. Asipopata, yeye na mumewe watoe damu, na ya mama ipimwe DNA ya mitokondria pamoja na mkojo, kwa sababu kwenye damu hitilafu nyingine hupungua kadiri umri unavyokwenda.

Kaka_Msafiri

Nashukuru sana. Karatasi zipo, mama alizitunza. Na mimi nina watoto wawili, niwapime?

Darubini_ya_Uzazi

Kama ni ya mitokondria, wewe mwanaume hukuwapa. Wanao wana za mama yao. Wasiwasi uko kwa dada zako. Kama mna mdogo wenu wa kike ambaye hajazaa, ajulishwe majibu ya dada yake yakitoka, kabla hajabeba mimba. Kama ni ya kiini, wewe unaweza kuwa umebeba nakala moja, na hapo atakayehitaji kupimwa ni wewe na mkeo. Wanao waacheni kwa sasa. Majibu yakitoka njoo hapa au PM, tutayasoma pamoja.